Kupeleleza au Kusaidia: Marekani na Taarifa za Watoto Wasiotunzwa

Utaratibu wa Marekani wa kupokea taarifa za watoto wasiotunzwa chanzo chake ni kesi ya kipigo. Mwaka 1874 mjini New York, mtumishi wa kanisa la Kimethodisti, Etta Wheeler, alihangaika kumwokoa msichana aitwaye Mary Ellen, wa miaka kama kumi, aliyekuwa akiteswa na mlezi wake. Polisi na mashirika ya hisani walimwambia hawana la kufanya. Akamwendea Henry Bergh, mwanzilishi wa chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Mwanasheria Elbridge Gerry alilifikisha shauri mahakamani, mlezi akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja, na muda si mrefu Gerry na wenzake wakaanzisha chama cha kuzuia ukatili kwa watoto. Mawakala wake walikuwa na mamlaka ya kukamata watu. Kazi yao ilikuwa kupeleleza, kushtaki na kuwaondoa watoto majumbani.

Vyama vya aina hiyo vilienea haraka, lakini watoto wengi walioangukia mikononi mwavyo hawakuwa wa kipigo. Walikuwa watoto wa wajane na wa wahamiaji, waliolala vyumba vya baridi au kubaki peke yao mama akiwa kibaruani. Maskini wa Boston walikiita chama cha mjini kwao "Ukatili", bila kuongeza neno. Ndipo mwaka 1907 Carl Carstens aliposhika uongozi wa chama hicho cha Massachusetts na kutaka maofisa wake waulize kwanza ni nini kilichoifikisha familia hapo, na waisaidie kabla ya kukimbilia mahakamani. Gerry alipinga: kwake chama kilikuwa mkono wa sheria, si ofisi ya misaada. Karibu mageuzi yote yaliyofuata ni marudio ya ubishi huo wa watu wawili.

Mwaka 1909 Rais Theodore Roosevelt aliitisha mkutano Ikulu kuhusu watoto wasio na matunzo, nao ukatamka kwamba umaskini pekee usiwe sababu ya kuvunja nyumba. Illinois ilianza kuwalipa posho akina mama maskini mwaka 1911, na majimbo mengi yakafuata. Posho hizo ziliwafikia akina mama Weusi wachache mno.

Mambo yaligeuka tena mwaka 1962, pale daktari C. Henry Kempe wa Denver na wenzake walipochapisha utafiti juu ya watoto wanaoletwa hospitali na mifupa iliyovunjwa kwa kupigwa. Ndani ya miaka mitano kila jimbo lilikuwa na sheria inayowalazimisha madaktari, na baadaye walimu na wengine, kutoa taarifa wanaposhuku. Sheria ya taifa ya mwaka 1974 iliweka kutotunzwa pamoja na kupigwa. Taarifa zilifika takriban 670,000 mwaka 1976, na miaka kumi baadaye zikapita milioni 2. Chombo kilichoundwa kumsaka mzazi katili kikajaa kesi za friji tupu na kodi isiyolipwa. Hadi leo, karibu robo tatu ya watoto wanaothibitishwa kudhulumiwa ni wa kutotunzwa.

Waliolipia zaidi wanajulikana. Kabla ya sheria ya mwaka 1978 ya kulinda watoto wa Wahindi Wekundu, uchunguzi katika baadhi ya majimbo ulionyesha kuwa robo hadi theluthi ya watoto hao walitenganishwa na familia zao. Utafiti wa mwaka 2017 ulikadiria kwamba asilimia 37 ya watoto wa Marekani hupitia uchunguzi kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa watoto Weusi ni asilimia 53.

Jaribio kubwa la kurekebisha mapokezi yenyewe ya taarifa lilianza miaka ya 1990. Missouri ilipitisha sheria mwaka 1994 iliyogawa taarifa katika njia mbili: zile nzito zichunguzwe kama zamani, zile nyepesi zipelekwe kwa ofisa anayekaa na familia, akauliza inahitaji nini, na hakuna anayetiwa hatiani. Minnesota iliiga, na tathmini ya huko haikuona watoto wa njia ya pili wakiwa hatarini zaidi. Kisha mwaka 2013 mtoto wa miaka 4 akauawa jimboni humo baada ya taarifa zaidi ya kumi kufikishwa kwa maofisa. Gazeti lilifichua habari hizo, gavana akaunda kikosi kazi, na mwaka 2015 bunge la jimbo likafuta kipengele lilichokipitisha mwaka mmoja tu kabla, kilichowazuia maofisa kuangalia taarifa za nyuma zilizowekwa kando bila kushughulikiwa. Illinois ilikuwa imeshaiacha njia ya pili mwaka 2012. Mageuzi haya hayana adui mkubwa kuliko kifo kimoja kinachotangazwa, ingawa mtoto huyo alikuwa wa kesi nzito, ambayo mpango wenyewe haukukusudiwa kuigusa.

Tangu hapo wanamageuzi wamegeukia maana ya kisheria. Texas mwaka 2021 ilitaka pawe na hatari ya papo hapo kabla mzazi hajahesabiwa kuwa hakumtunza mwanawe. Washington, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2023, ilisema umaskini au makazi duni peke yake si hatari ya kumtoa mtoto. New York ilipandisha kiwango cha ushahidi wa kuthibitisha taarifa kuanzia Januari 2022. Texas pia iliacha mwaka 2023 kupokea simu zisizo na jina. Asiyetaka kujitaja huambiwa kwamba anaweza kwenda polisi.