Tausi wa Kongo na swali la nani anachagua

Ndugu na dada wa licence, na wale ambao bado wanaitafuta, leo naleta historia ya unyoya mmoja. Mwaka wa 1913, James Chapin, kijana Mmarekani aliyekuwa akikusanya ndege kwa makumbusho ya New York, aliona huku Ituri, upande wa Avakubi, kofia iliyopambwa na unyoya ambao hakuujua. Akauchukua. Ndege mwenyewe hakumuona, na unyoya ukalala kwake miaka 23.

Mu 1936 akiwa kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, aliona pembeni ndege wawili wakavu, etiketi inasema: tausi wa Uhindi, bado watoto. Chapin akaangalia manyoya. Ni yale ya kofia! Ndiyo vile dunia ya wasomi ilimjua tausi wa Kongo, akaitwa Afropavo congensis. Bale wa pori walikuwa wanamjua tangu zamani, bila shaka: unyoya ulikuwa juu ya kofia yao.

Juu ya nini walimuita mtoto? Juu hana ule mkia. Kichwa cha wasomi kilikuwa kimejaa mkia. Hata Charles Darwin, mu 1860, alimwandikia mwenzake Asa Gray kwamba akiona unyoya wa mkia wa tausi anajisikia mgonjwa. Mzigo vile unamsaidia nini ndege mbele ya adui? Jibu alilitoa mu 1871: jike ndiye anachagua. Dume anajipamba na kucheza juu kuna anayemwangalia, anayempima, na anayeweza kumkataa. Alfred Russel Wallace, aliyegundua uchaguzi wa asili sawa na Darwin, hakukubali: ndege jike atatoa wapi jicho la kupenda uzuri? Wengi wakamfuata Wallace, na kwa miaka mingi sana jike akahesabiwa kama kiti cha ukumbi.

Aliyeleta ushahidi wa nguvu ni Malte Andersson, Mswidi, mu 1982. Alifanya kazi yake Kenya, kwenye majani ya Kinangop, na ndege mweusi mdogo ambaye mkia wake unafika karibu nusu metre. Alichukua madume 36. Wengine aliwakata mkia, wengine akawaongezea kwa gundi ile iliyokatwa. Na hapa mwenye kusoma agronomi atafurahi: kulikuwa na wengine aliowakata na kuwarudishia mkia wao wenyewe, ili mtu asiseme ni mkasi au gundi iliyoleta matokeo. Madume wa mkia ulioongezwa ndio walipata majike wapya wengi zaidi mu mashamba yao. Darwin alikuwa amekwisha kufa tangu miaka mia moja kamili.

Kama hadithi ingeishia pale, ningesema basi, mwenye mkia mrefu ameshinda, twende tukope. Niko na marafiki wawili wamesukuma ndoa mbele, si juu ya mahari, familia zilikubaliana. Ni juu ya salle, sare na gari za kukodisha. Lakini mu 2002 Gail Patricelli alitengeneza ndege jike wa roboti, akamuweka mbele ya madume wa Australia wanaojenga vibanda vya vijiti na kuvipamba na vitu vya buluu. Huyo dume akicheza kwa nguvu sana, jike anashtuka, anaruka. Waliofaulu zaidi na majike wa kweli ni bale walioangalia mwili wa jike na kupunguza au kuongeza nguvu kufuatana naye. Mimi naona ubunifu wenyewe uko pale: kubadilisha mchezo juu umemsoma mwenzako. Kelele peke yake hata jenereta inatoa.

Na bila kwenda Australia, nani kwetu hajaona jogoo akipata kadudu? Hakameze. Anaita, anakaokota na kukaacha chini, mpaka kuku aje. (Kuna pia majogoo wanaoita bila chakula chochote. Tunawajua.)

Tausi wa Kongo anafanya vile vile. Anafungua mkia wake mfupi, ndiyo, na shingo yake nyekundu na ile taji ya nywele nyeupe si kitu kidogo. Lakini bale wanaomfuga wameona anampa jike chakula kwa mdomo. Anakaa na jike mmoja, na watoto wakitoka mu mayai wanawaangalia wote wawili. Tausi wa Uhindi, na mkia wake wote, anamuachia jike kazi ile peke yake.

Leo bado yuko mu pori la Salonga na Maiko. Mitego ya waya inanasa kila kitu kinachotembea chini, na yeye siku nzima anatembea chini.