Nani alilipa esanse? Pesa za safari kubwa za mto Kongo, toka Stanley mpaka Africa-Raft

Mwezi wa kumi mwaka 1974, dunia yote ilikuwa inaangalia Kinshasa. Usiku wa kuamkia tarehe 30, Muhammad Ali alimwangusha George Foreman, na kila mmoja wao alikuwa ameahidiwa dola milioni 5. Zaire ya Mobutu ndiyo iliyobeba mzigo ule ili jina lake lisikike. Wakati ule ule, mbali kule Shaba, Waingereza walikuwa wanaanza safari ya kushuka na mto toka kwenye chanzo cha Lualaba mpaka baharini, zaidi ya kilometa 4,300. Watu wachache tu waliwasikia. Lakini mtu anayetaka kujua namna safari kubwa ya maji inavyotafutiwa pesa, na pesa hizo zinaishia wapi, aangalie safari ile kuliko ngumi za Ali.

Mkubwa wao alikuwa Luteni Kanali John Blashford-Snell, mwanajeshi wa kikosi cha wahandisi, ambaye mwaka 1968 aliongoza safari kwenye mto Nile ya Buluu kule Ethiopia. Mwaka 1974 haukuchaguliwa kwa bahati. Ilikuwa inatimia miaka 100 tangu Henry Morton Stanley aanze safari yake, na gazeti la Daily Telegraph la London, ambalo lilimlipia Stanley, lilitoa mkono tena.

Stanley hakutumwa na mfalme wala jeshi. Alilipiwa na magazeti mawili, Daily Telegraph na New York Herald la Marekani, na yeye aliyalipa kwa habari. Pesa zenyewe zilipofika Afrika zikageuka kuwa mizigo: vitambaa, shanga na waya, kama tani 8, kwa sababu njiani ndizo zilizonunua chakula na ruhusa ya kupita. Mashua yake, Lady Alice, ilitengenezwa kwa vipande ili watu waweze kuibeba mabegani. Waliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874.

Fungu kubwa la pesa lilikuja kuhitajika huku kwetu Maniema. Karibu na Nyangwe, wapagazi waliogopa kuendelea na mto kuelekea kaskazini. Stanley akapatana na Tippu Tip: dola 5,000 ili amsindikize miguu sitini, yaani vituo sitini vya mwendo wa siku. Mwisho wa Desemba 1876 wakaachana kabla ya kazi kuisha, na maneno juu ya malipo hayakwisha. Tippu Tip mwenyewe aliyasimulia kwa Kiswahili katika kitabu cha maisha yake, na ni wazi kwamba hakuridhika. Na tusisahau kwamba njia aliyoifungua iligeuka haraka kuwa njia ya watumwa na pembe.

Baada ya hapo hakuna pesa iliyosaidia. Maporomoko saba ya Boyoma, kati ya Ubundu na Kisangani, yaliwalazimisha kukata msitu na kuvuta mitumbwi kwenye nchi kavu. Chini ya Kinshasa ikawa mbaya zaidi. Hapo mto unashuka kama mita 270 kabla ya kufika Matadi. Kalulu, kijana aliyekuwa amefika mpaka London na Stanley, alizama Machi 1877. Frank Pocock, Mzungu wa mwisho aliyebaki naye, alizama Juni. Aliyeokoa wengi ni Uledi, nahodha wa Lady Alice, ambaye jina lake lingestahili kujulikana katika kila shule ya pembeni ya mto. Mashua yenyewe iliachwa juu ya mwamba pale Isangila. Wenye njaa, walimtuma Uledi na wenzake wapeleke barua Boma kuomba chakula. Zaidi ya watu 200 waliondoka pwani. Waliofika Boma Agosti 1877 walikuwa kama 115. Stanley aliwarudisha Zanzibar, wakalipwa, na jamaa za waliokufa wakapewa mishahara ya marehemu wao.

Miaka mia baadaye, Blashford-Snell hakuwa na shanga. Alikuwa na mashua kubwa za mpira za kujazwa upepo, zaidi ya watu mia, wakiwemo askari na wanasayansi, na mashua mbili za jeti kutoka New Zealand. Fundi na mfugaji Bill Hamilton alikuwa ameziendeleza miaka ya 1950 kwa ajili ya mito ya kwao yenye maji machache. Mashua ya jeti haina panga la moteri linalozunguka chini. Pampu inavuta maji chini ya mashua na kuyasukuma nyuma kwa nguvu, kwa hiyo inapita juu ya mawe mahali ambapo moteri ya kawaida ingevunjika. Pikipiki za maji ambazo vijana wanaona kwenye filamu zinafanya kazi hivyo hivyo. Ubaya wake unajulikana pia: mdomo wa pampu unazibwa na majani, na Mungu anajua mto wetu una Kongo ya Sika ya kutosha. Tena ikibebeshwa mzigo mzito inakunywa esanse kuliko balenyeri yoyote.

Hapo ndipo hesabu ya mwandalizi inapokuwa ngumu. Mashua ni rahisi kuipata, maana kampuni inapenda jina lake lionekane ubavuni mwake. Hakuna kampuni inayopenda jina lake kwenye fusti la esanse linalongojea Kongolo au Kindu. Lakini bila fusti hilo safari imekufa. Msikilizaji anayetoka Maniema anajua bei ya lita moja inavyopanda kadiri unavyoenda mbali na reli.

Blashford-Snell alitumia njia nyingine ya kufungua mifuko: aliweka kazi ya waganga ndani ya safari. Walichunguza upofu wa mtoni, ugonjwa unaoletwa na inzi mdogo mweusi anayezaliana kwenye maji yanayokwenda kasi. Watu wanaokaa karibu na maporomoko ndio wanaopofuka. Dawa ya ivermectin ilianza kutolewa bure mwaka 1987 tu. Safari ya majivuno peke yake isingepata msaada ule, na hapo mtu anaweza kusema majivuno yalifaa kitu.

Kitu kingine kilichofanyika vizuri ni mashua za jeti kungojea chini ya maji makali ili kuokota waliopinduka. Hiyo si anasa. Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua ya Merdi ilizama mbele ya Kituku, Goma, ikitoka Minova na watu kupita kiasi, wengi wao wakipita ziwani kwa sababu vita vilifunga barabara. Makumi walikufa mbele ya macho ya watu wa nchi kavu.

Januari 1975 Waingereza walifika baharini. Mwaka 1985 wakaja wengine. Africa-Raft ilitaka kuvuka Afrika kwa mito, toka Zambezi mpaka Zaire, na jina lake kubwa lilikuwa Philippe de Dieuleveult, aliyependwa sana kwenye televisheni ya Ufaransa. Jina kama hilo ni mali wakati wa kutafuta wadhamini. Lakini mwenye jina kubwa anangojewa, na anayengojewa ni vigumu kwake kurudi nyuma. Mbele yao ilikuwa Inga, ambako mto wote unashuka karibu mita 100 kwa kilometa 15 hivi. Tena Inga ilikuwa na bwawa la umeme, na palipo na bwawa lile palikuwa na askari wa Mobutu.

Tarehe 6 Agosti 1985, watu saba walipotea hapo. Kwa wengine ni maji yaliyowaua, kwa wengine ni risasi za askari waliowadhani wapelelezi. Familia zao zimegawanyika juu ya jambo hilo mpaka leo.