Rwenzori, mlima uliokuwa mweupe

Leo tuzungumzie mlima ambao wengi wetu tuliuacha Kongo, na tulipovuka kuingia Uganda tukaukuta tena, safari hii tukiuona kwa mgongo wake.

Bibi yangu, aliyelima karibu na Mutwanga, alituambia kwamba zamani, asubuhi kabla ya mawingu kupanda, kilele kilikuwa cheupe kama unga wa muhogo. Leo ukitazama utaona mwamba mweusi kuliko weupe. Je, bibi alitia chumvi? Historia inasema hapana.

Wanande na Wakonzo, ndugu wa pande mbili za mlima, waliijua theluji hiyo tangu kale, wakaiita nzururu. Wazee walisema huko juu anakaa Kitasamba, na mtu hapandi ovyo. Mwaka 1888, karibu na Ziwa Albert, kijana mmoja alimwonyesha msafiri Stanley mlima uliosemwa kufunikwa na chumvi. Stanley kwanza alidhani ni wingu.

Mwaka 1906 mwana wa kifalme wa Italia, Luigi Amedeo, alifika kilele cha Margherita, mita 5,109. Alifuatana na mpiga picha, Vittorio Sella, na picha zake ndizo ushahidi wetu. Wakati ule milima 6 ya Rwenzori ilikuwa na barafu, eneo lake likizidi kilomita za mraba 6. Kufikia mwaka 2003 ilibaki kama kilomita 1 ya mraba tu, kwenye milima 3: Stanley, Speke na Baker. Na mwaka 2022 UNESCO ilionya kwamba barafu iliyomo katika maeneo ya urithi wa dunia barani Afrika inaweza kwisha yote ifikapo 2050.

Kwa nini inakwisha? Barafu ya mlimani ni kama akiba ya chakula nyumbani: theluji mpya inaingia, maji yanatoka. Dunia ikipata joto, kinachotoka kinazidi kinachoingia, na akiba inapungua mwaka hata mwaka.

Sasa utauliza: barafu ikiisha, mito itakauka? Na yale mafuriko ya mto Nyamwamba kule Kasese, Mei 2013 na Mei 2020, yalitokana na barafu kuyeyuka? Hapana. Yaliletwa na mvua kubwa. Wataalamu walipopima mito upande wa Uganda, walikuta mchango wa barafu haufiki asilimia 2 ya maji. Maji yetu hutoka kwenye mvua, na ni msitu na ardhi ya matope huko juu vinavyoyashika na kuyaachia polepole.

Basi usikie vizuri, ndugu yangu. Barafu hatuwezi kuirudisha, wala si sisi tuliowasha joto kubwa la dunia. Lakini msitu uko karibu na panga letu. Sisi wakimbizi tunapika kwa kuni, na wenyeji waliotupokea vilevile. Mti unaobaki mlimani ndio unaotunza mto, wa huku na wa kule nyumbani tunakotamani kurudi.

Na kama una mzee nyumbani, muulize leo aliuona mlima ukoje. Watoto wetu watasikia tu.