Miguu baridi kambini: Namna ya kuchagua sehemu ya miguuni ya kwilti ya hamoki

Mwanza. Saa tatu usiku kando ya Ziwa Victoria, blanketi ni kero. Joto la mchana bado liko kwenye mawe, na aliyelala kwenye hamoki analisukuma pembeni kwa teke. Saa kumi alfajiri mambo yamegeuka. Hewa imepoa, umande umeshuka, na kinachomwamsha si mgongo wala masikio. Ni vidole vya miguu.

Ndiyo maana wanaoshona au kununua kwilti ya hamoki hujadili sana kipande kimoja kidogo: pale miguuni pafungwe vipi? Ukikosea hapo unaweza kulala na jasho Mwanza au kutetemeka Ngorongoro. Na ukishakata kitambaa, kurekebisha si rahisi.

Kwanza majina. Hamoki ni kile kitanda cha kitambaa kinachoning'inizwa kati ya miti miwili. Kiswahili kina neno la zamani, machela, lakini leo ukisema machela watu wengi wanawaza hospitali na mgonjwa anayebebwa. Kwilti nayo ni kama duveti jepesi lililojazwa manyoya ya ndege au nyuzi za poliesta. Inakufunika juu tu, haikuzunguki kama begi la kulalia.

Kwa nini juu tu? Kwa sababu kinachotunza joto ni hewa iliyotulia ndani ya vijazo. Ukivilalia vinabanwa, hewa inatoka, joto linapotea. Kwa hiyo chini unaweka kitu kingine, mkeka wa sponji au kwilti ya pili inayofungwa chini ya hamoki kwa nje.

Iliyofungwa moja kwa moja

Aina ya kwanza imeshonwa kama soksi kubwa. Pande mbili za kwilti zinaunganishwa kuanzia chini kwenda juu kwa sentimita 50 hadi 60, yaani karibu na magoti, kisha mwisho wake unazibwa na kipande cha duara chenye vijazo.

Hicho kipande cha duara si urembo. Ukilala chali vidole vinatazama juu, na vinahitaji nafasi ya kusimama. Fundi akiamua kushona mwisho kwa mstari ulionyooka kama foronya, vidole vinasukuma kitambaa, vijazo vinabanwa, na hapo hapo ndipo baridi inapoingilia. Duara la kipenyo cha sentimita 32 hivi linatoshana na mzunguko wa sentimita 100 upande wa miguuni. Usisahau kuongeza nafasi ya mshono pande zote.

Faida yake ni joto bila longolongo. Hakuna tundu, hakuna zipu ya kuharibika, na hata ukijigeuza usiku kucha miguu haitoki nje. Kasoro yake ni moja, lakini kwa mtu wa Mwanza ni kubwa: haifunguki.

Inayofunguka

Aina ya pili inabaki bapa kama shuka hadi utakapoamua kuifunga. Pembeni, zile sentimita 50 hadi 60 za chini, kuna zipu au vifungo vya kubonyeza. Mwisho kabisa kuna upindo wenye kamba ndani yake. Unavuta kamba, kitambaa kinajikusanya kama mdomo wa mfuko, na kidude cha kubania, kama kile cha kofia ya jaketi, kinaishikilia.

Usiku wa joto unaachia kila kitu na kuitumia kama shuka, miguu inapumua. Alfajiri unavuta kamba bila hata kuwasha tochi. Asubuhi unaitandaza juani na inakauka haraka, jambo ambalo kwenye ile ya soksi linahitaji kuigeuza ndani nje.

Shida ni lile tundu linalobaki katikati ya mikunjo. Hata ukivuta kwa nguvu zote, hewa inapita. Dawa yake ni rahisi mno: chomeka soksi kavu au fulana.

Zipu inaziba pembeni vizuri kuliko vifungo, ila inaongeza uzito na ikigoma usiku umekwama. Vifungo vinaacha nafasi ndogo ndogo kati ya kimoja na kingine. Velkro ni ya kuepuka. Inanata kwenye nyuzi za chandarua na kuzichanachana, na Kanda ya Ziwa hakuna kulala nje bila chandarua. Malaria bado ipo.

Kuna pia kwilti isiyofungwa kabisa, bapa mwanzo mwisho, ambayo mlalaji anaikunja tu chini ya nyayo. Kwenye kitanda cha kawaida inatosha. Kwenye hamoki kila ukijigeuza mkunjo unafumuka, basi.

Unalala wapi?

Jibu linategemea ramani zaidi ya kitu kingine. Mwanza iko karibu mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake mwingi ni wa nyuzi joto kati ya 15 na 20. Hiyo ni hali ya kwilti nyembamba inayofunguka, na hakuna haja ya kubishana. Kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, kiko kwenye ziwa hilo hilo na kina msitu wa kutosha. Mwanza mjini ni jiji la mawe, kupata miti miwili imara yenye nafasi ya hamoki katikati ni kazi kuliko inavyosikika.

Ukitoka ziwani na kupanda Ngorongoro mambo ni tofauti. Ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200, na usiku wa Juni hadi Agosti si mchezo. Kule ile ya soksi ndiyo inayofaa. Ni kweli huko, kama ilivyo Serengeti, huwezi kuning'inia nje kati ya fisi na simba, utalala kwenye hema. Lakini kwilti ni ile ile, na miguu ni ile ile.

Anayekwenda pote kwa kwilti moja achukue inayofunguka, yenye zipu pembeni na kamba mwishoni. Sababu ni ya mfukoni zaidi kuliko ya kitaalamu: iliyo wazi unaweza kuifunga baadaye, hata kumwambia fundi aongeze duara. Iliyoshonwa ukitaka kuifungua ni mkasi.

Kama unanunua mitumba

Wengi hawataanza na kitambaa kipya. Wataingia soko la Mlango Mmoja, wapekue, watoke na begi la kulalia lililotumika, walifungue wafanye kwilti. Ni njia nzuri, ila kabla ya kutoa hela fuata zipu kwa kidole mpaka mwisho wake. Ikizunguka hadi miguuni, begi litafunguka lote kuwa bapa. Ikiishia kwenye kifundo cha mguu, umepata ile ya soksi, na usishangae Julai ikipita ukiwa bado unatokwa jasho.

Kisha ingiza mkono hadi mwisho na ubonyeze. Vijazo vikiwa vimejikusanya mabonge upande mmoja, ule upande mwingine ni kitambaa kitupu. Angalia pia lebo. Manyoya ni mepesi na yana joto sana lakini yakilowa yanasinyaa, na kando ya ziwa unyevu haukosekani. Poliesta inavumilia zaidi. Pamba, ambayo Kanda ya Ziwa ndiyo nyumbani kwake, kwa kazi hii haifai: inanyonya maji na kukauka kwake ni kesho kutwa.

Si kila baridi ni kosa la kwilti

Mara nyingi kwilti inalaumiwa bure. Kwenye hamoki watu hulala kimshazari ili mgongo unyooke, na hapo miguu inatoka nje ya eneo la mkeka. Nyayo zinabaki juu ya kitambaa kitupu, upepo unapita chini. Kabla ya kubadili mshono, weka kipande cha sponji chini ya visigino na ndama za miguu. Funga pia upande wa miguuni juu zaidi ya kichwani, karibu shibiri moja, usije ukateleza usiku na kuisukuma kwilti kwa nyayo.

Na kama radi inaanza kulia, swali la miguuni liache. Mvua za radi za Ziwa Victoria hupenda usiku na alfajiri, na kulala chini ya mti wakati huo ni hatari. Shuka, nenda ndani ya jengo au gari. Ufukweni, hasa Rubondo, usifunge hamoki karibu na maji au njia za viboko. Waulize askari wa hifadhi wapi panaruhusiwa.

Kwa anayeshonesha, jaribio ni moja na halina gharama. Mwambie fundi cherehani abane miguuni kwa pini tu kwanza. Vua viatu, vaa soksi unazolalia, lala chali sakafuni, simamisha vidole, kisha geuka ubavu na ukunje magoti. Kitambaa kikivutika kwenye vidole, ongeza sentimita 5 kabla mashine haijapita.