Tanuri la Chuma la Idara ya Misitu

Mwalo wa Ggaba, kusini mashariki mwa Kampala, una sifa mbili ambazo kila mtu wa jiji anazijua: samaki, na mitambo inayosukuma maji ya Ziwa Viktoria hadi kwenye mabomba ya mjini. Biashara yake ya tatu haisifiwi, ingawa ndiyo inayowachafua zaidi wapagazi. Ni magunia ya mkaa yanayoshushwa kutoka kwenye mitumbwi ya visiwani, yamejazwa mpaka yakafura, midomo yake imezibwa kwa nyasi na kufungwa kwa kamba. Kutoka hapo hupakiwa kwenye magari na pikipiki, na jioni vipande vyake vinawaka kwenye sigiri za Bunga, Kansanga na Kabalagala.

Mkaa huo huchomwa kwa namna ileile ya tangu kabla Mwingereza hajafika: magogo hupangwa, hufunikwa kwa majani na udongo, kisha moto huachwa ujilie humo ndani kwa siku kadhaa. Hakuna ajabu katika hilo, karibu Afrika nzima huchoma hivyo. Ajabu ni kwamba tanuri la chuma lililoandikiwa miongozo na mashirika ya kimataifa, likafundishwa katika nchi nyingi za joto kama dawa ya upotevu wa kuni, lilikomazwa hapahapa Uganda. Kazi hiyo ilifanywa na Idara ya Misitu katika miaka ya 1960, tena kwa kuni za misitu ya Mengo, wilaya ambayo Ggaba yenyewe ilikuwa pembezoni mwake.

Ili kuelewa kwa nini wataalamu wa misitu walijishughulisha na mkaa, turudi mwaka 1945. Vita vilipokwisha, Uingereza ilikuwa na njaa ya nishati na ya malighafi, na makoloni yakatazamwa upya kwa jicho hilo. Tanganyika ilikuwa na makaa ya mawe. Wajerumani walikuwa wameyaona katika bonde la Ruhuhu tangu mwisho wa karne ya 19, na baada ya vita Shirika la Maendeleo ya Makoloni, lililoundwa mwaka 1948, lilipeleka mitambo ya kutoboa miamba huko na kupima ubora na wingi wake. Makaa yalikuwapo kweli. Reli ndiyo haikuwapo, na makaa ya mawe yasiyo na reli ni mawe tu. Mradi ukawekwa kando, na maeneo ya makaa ya Ngaka, Mchuchuma na Kiwira yakasubiri miongo mingine.

Uganda haikuwa hata na cha kusubiri, kwa kuwa haikuwa na mgodi wa makaa ya mawe. Treni na meli za ziwani zilikuwa zimekula kuni kwa miaka mingi, na baada ya vita reli ya Afrika Mashariki ilizidi kuhamia mafuta mazito yaliyopitia Mombasa. Serikali ya kikoloni ya Uganda ilichagua maji. Mhandisi Charles Westlake aliandika ripoti yake kuhusu umeme wa Nile mwaka 1947, Bodi ya Umeme ya Uganda ikaanza kazi mwaka uliofuata, na tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alizindua bwawa la Owen Falls pale Jinja, lililopangiwa kufikia megawati 150. Umeme huo ndio ulioyeyusha shaba ya Kilembe katika kiwanda cha Jinja. Viwanda vilipata nishati yao, lakini mama wa Ggaba aliendelea kupika kwa mkaa, na mji ukakua.

Hapo ndipo historia ya tanuri inapoungana na ya msitu. Katika misitu mikubwa ya Uganda, maafisa walikuwa wakivuna miti ya mbao, mivule na mikangazi, kisha wakabaki na msitu uliojaa miti isiyonunuliwa na yeyote, inayoziba jua miche ya thamani isikue. Katika msitu wa Budongo, miaka ya 1950 na 1960, walichagua sumu. Miti "isiyofaa" ilikatwakatwa magome na kupakwa dawa iliyochanganywa na dizeli, ikafia wima na kuoza palepale. Dawa zenyewe, 2,4-D na 2,4,5-T, ndizo zilizochanganywa baadaye na Wamarekani kumwagia misitu ya Vietnam. Kwa masikio ya leo inatisha, lakini zama zile ilihesabiwa kuwa usimamizi bora.

Mengo Kusini ilikuwa na kitu ambacho Budongo haikuwa nacho: Kampala mlangoni. Afisa wa misitu D. E. Earl alikuwa miongoni mwa waliojiuliza kwa nini serikali inunue sumu ya kuulia mti ambao mjini una mnunuzi. Wachoma mkaa wangeingia baada ya wapasua mbao, wakate yale mabaki yaliyopigwa alama na afisa, na msitu usafishwe kwa faida badala ya gharama. Mwaka 1968 Earl aliwasilisha mbinu hizo za Mengo Kusini mbele ya mkutano wa misitu wa Jumuiya ya Madola. Kwangu mimi hilo ndilo wazo kubwa la historia hii nzima, kubwa kuliko tanuri lenyewe. Mkaa, ambao kila serikali tangu hapo imeuona kama adui wa msitu, uligeuzwa kuwa kifaa cha kuutunza.

Lakini wachoma mkaa wa udongo wasingefaa kwa kazi hiyo. Tanuri la udongo hutaka kulindwa usiku na mchana. Likitoboka, hewa huingia na kuni huwa majivu, na mvua za kandokando ya ziwa hazina huruma nalo. Idara ikageukia chuma. Matanuri ya chuma ya kuhamishika yalizaliwa Ulaya miaka ya 1930, na wakati wa vita maabara ya mazao ya misitu ya Uingereza, pale Princes Risborough, iliyaendeleza, kwani mkaa ulikuwa umegeuka bidhaa ya vita. Ulichuja hewa katika vinyago vya kuzuia gesi ya sumu, na barani Ulaya uliendesha magari yaliyokosa petroli. Idara ya Misitu ya Uganda iliuchukua utaalamu huo na kuujaribu kwa miti ya kitropiki na vibarua wa huku, umbo baada ya umbo, hadi kufikia lile lililoitwa Mark V.

Tanuri la aina hii ni mapipa mawili mapana yasiyo na kitako, moja juu ya jingine, na kifuniko chenye umbo la pia. Chini huwekwa mifereji minane ya chuma inayopenya hadi ndani. Kuni hupangwa, moto huwashwa chini, na mwanzoni kifuniko huachwa na upenyo ili mvuke mweupe utoke, maana kuni haigeuki mkaa mpaka maji yake yaishe. Moto ukishakolea, kifuniko hushushwa, viungo huzibwa kwa mchanga, na mabomba manne ya moshi husimikwa juu ya mifereji minne, kwa kuruka mmoja mmoja. Minne iliyobaki huingiza hewa. Moshi uliokuwa ukipanda sasa hulazimika kushuka na kutokea chini, na mchomaji huhamisha mabomba mara kwa mara ili upande mmoja usiungue kupita mwingine. Ndani, joto likipita nyuzi 270 hivi, kuni huanza kujichoma zenyewe na kutoa joto lao. Rangi ya moshi ndiyo saa ya mchomaji: ukigeuka kutoka mweupe mzito hadi buluu nyembamba, kazi imekwisha, na kila tundu huzibwa. Siku ya pili au ya tatu tanuri hufunguliwa, hutenganishwa vipande vipande na kuviringishwa hadi kwenye rundo lingine la kuni.

Mavuno yake yanasema yenyewe. Tanuri la udongo lisilosimamiwa vizuri hutoa kilo 10 hadi 15 za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni kavu. La chuma, kwa mujibu wa miongozo ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), hutoa wastani wa 24, tena bila mchanga ndani. Kwa gunia la kilo 60, ni tofauti ya kuni kilo 250 au kilo 400 hadi 600.

Ripoti ya Earl kuhusu mkaa ilichapishwa na FAO, Roma, mwaka 1974. Mwaka uliofuata kitabu chake kuhusu nishati ya misitu na uchumi kikachapishwa Oxford. Nchi alikojifunzia hayo ilikuwa tayari mikononi mwa Idi Amin. Mashamba ya miti na hifadhi yalikosa walinzi, wafanyabiashara wa Kiasia walikuwa wamefukuzwa mwaka 1972, bidhaa za dukani zikahamia magendo, na mtu aliyeshindwa kupata mafuta ya taa alipata mkaa. Wakati huohuo Taasisi ya Mazao ya Tropiki ya London ililichukua tanuri la aina hiyo, ikalinyoosha, na kufikia mwaka 1980 ilikuwa imechapisha miongozo ya kulitengeneza na kulitumia. Tanuri likawa la dunia nzima, kasoro kwao.

Wapo wanaosema wachoma mkaa ni wakaidi, hawataki mabadiliko. Sikubali. Tanuri la chuma linataka kuni zilizokatwa kwa vipimo na kukaushwa wiki tatu angalau, linataka mtaji, na uhai wake ni miaka miwili au mitatu kabla joto halijaula mwili wake. La udongo linamfuata mti ulipoangukia na linahitaji panga, jembe na usingizi wa mang'amung'amu. Mchomaji wa kisiwani anayepata mti bure, au kwa hongo ndogo, hapotezi chochote akiunguza kuni mara mbili, kwa sababu anayepoteza ni mwenye msitu, na mwenye msitu yuko mbali. Hesabu ya Earl ilisimama juu ya afisa anayepiga alama miti na leseni inayolipiwa. Ondoa hivyo viwili, na chuma hakina kazi.

Upande wa malighafi ya viwanda, ambao watafiti wa zama zile waliuota sana, nao ulibaki ndoto. Wahunzi wa Bunyoro waliyeyusha chuma kwa mkaa karne nyingi, na Brazili hadi leo inaendesha matanuru makubwa ya chuma kwa mkaa wa mikaratusi iliyopandwa, tena mkaa hauna salfa nyingi ya kuharibu chuma kama makaa ya mawe. Uganda ina mawe ya chuma Muko, kule kusini magharibi. Mashamba ya miti ya kutosha kuyayeyusha ndiyo hayakupandwa.

Serikali zilizofuata zimeshughulikia zaidi ncha mbili za safari ya mkaa. Upande wa jikoni, sigiri zenye kikombe cha udongo, ndugu wa jiko lililoboreshwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, zimepunguza ulaji wa mkaa. Upande wa msituni kumekuwa na marufuku: Mei 2023 Rais Museveni alipiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara katika mikoa ya kaskazini kwa Amri ya Utendaji Namba 3. Katikati, pale kuni inapogeuka mkaa na pale upotevu mkubwa unapotokea, hakuna aliyerudi kwa bidii ile ya miaka ya 1960. Vipimo vya tanuri vimechapishwa, yeyote anaweza kuvisoma, na mchomelea vyuma wa Katwe, mjini Kampala, angelijenga kwa mabati mazito na nyaya za kuchomelea alizo nazo. Anayelinunua ni nani, wakati mti wa kisiwani bado haujawekewa bei?