Msalaba wa Shaba na Miali ya Leza

Ewe mzuru, inama kidogo uutazame uso wa msalaba huu uliojaa vishimo vidogo, ule uliokuwa wazi hewani shaba ilipoganda ndani ya kalibu, baada ya mafundi wa Katanga kuiyeyusha kutokana na mawe ya kijani yaitwayo malakiti. Misalaba ya jinsi hii ilifukuliwa mwaka 1957 na 1958 katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, na kadiri karne zilivyopita ilizidi kuwa midogo na kufanana, hata wanahistoria wakaihesabu kuwa pesa.

Kuupima ufanano huo kwa rula ni taabu tupu. Lakini miali ya leza, au mamia ya picha zinazopishana, huunda ndani ya kompyuta sura ya pande tatu inayoweza kugeuzwa na kulinganishwa pasipo kuguswa asili yake, kama wataalamu wa mradi wa Zamani wa Cape Town walivyoupima Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Ajabu ni kwamba shaba iliyosuguliwa ikameremeta huitatiza leza, ilhali hii kutu ya kijani iliyoufunika msalaba humrahisishia mpimaji kazi.