Imani na Misiba Nyanza Kusini: Historia ya Legio Maria

Migori na Homa Bay, kaunti mbili zilizotokana na Nyanza Kusini ya zamani, zina historia ndefu ya watu walioendelea kumwomba Mungu hata misiba ilipowaandama. Kabla ya wamisionari kufika, Wajaluo wa eneo hilo walimwomba Mungu kwa jina la Nyasaye. Kifo cha ghafla kilipotokea, chanzo kilitafutwa kwa mganga, maana wengi waliamini ni kazi ya wachawi au mizimu ya waliodhulumiwa.

Mwaka 1906 Waadventista Wasabato, wakiongozwa na Arthur Carscallen na Peter Nyambo kutoka Nyasaland, walifungua misheni Gendia, karibu na Kendu Bay. Baadaye Wakatoliki walijenga misheni yao Asumbi. Misheni zilileta shule na matibabu, zikakataza hirizi na ramli. Hata hivyo, waumini wengi hawakuonyeshwa jinsi ya kumkinga mtoto dhidi ya uchawi waliouogopa, na waliooa wake wengi walinyimwa sakramenti.

Pengo hilo lilidhihirika mwaka 1963. Gaudencia Aoko, mama kijana, alifiwa na watoto wawili siku moja. Msiba huo haukumrudisha kwa mganga. Alianza kuhubiri akizunguka vijijini, akiwataka watu walete hirizi na dawa za uganga zichomwe moto hadharani, kisha wamtegemee Mungu peke yake. Akishirikiana na Simeo Ondeto, kiongozi mwenzake, alivuta maelfu ya watu kwa muda mfupi. Wengi wao walitoka Kanisa Katoliki. Kanisa jipya lililozaliwa hivyo lilichukua jina la Legio Maria kutoka kwa chama cha walei kilichoanzishwa Dublin mwaka 1921, likasajiliwa mwaka 1966.

Ibada zake zilihifadhi rozari, misa na Kilatini, zikaongeza maombezi ya uponyaji na kutoa pepo. Waumini huvua viatu, huvaa kanzu za rangi mbalimbali, na hukesha wakimwombea mgonjwa aliyeletwa kati yao. Kwa utaratibu huo mateso hayabaki mzigo wa mtu mmoja: aliyeombewa asipone bado ana jamaa wa kanisa wa kumuuguza na kumlilia. Aoko alijitenga na kanisa hilo baadaye. Ondeto, ambaye wafuasi humwamini kuwa Masihi, alifariki mwaka 1991 akazikwa Got Kwer, Migori, mahali ambapo mahujaji huendelea kufika.

Mtihani mkubwa zaidi uliyakuta makanisa yote: ukimwi. Mwaka 2012 utafiti uliofanywa Ndhiwa, Homa Bay, ulionyesha kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 4 alikuwa na virusi. Kabla ya hapo familia nyingi zilikuwa zimeomba na kufunga, kisha zikazika. Madaktari Wasio na Mipaka, shirika la matibabu, walifika Homa Bay mwaka 1996, na mwaka 2001 wakaanza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi katika hospitali ya serikali. Kuanzia hapo maisha ya waliobaki na tumaini la sala pekee yalibadilika. Fundisho lililojengeka ni kwamba kumeza dawa si kukosa imani, na kwamba kifo cha aliyeombewa si ushahidi wa dhambi yake wala wa upungufu wa sala za mama yake.